Sura ya Sita: Mzazi Asiyejua Fidla

Mtoto wa miaka sita anayejifunza fidla huonana na mwalimu wake nusu saa kwa wiki. Akibahatika, mara mbili. Siku zote zilizobaki yuko nyumbani, na huko ndiko anakofanyika mpigaji au anakoachia njiani. Wazazi wengi nikiwaambia hivi hunipa jibu moja: "Mimi muziki siujui hata kidogo, nitamsaidiaje?" Sura hii ni yao. Mzazi asiyejua noti hata moja ana kazi kubwa katika masomo ya fidla, na mwalimu hata awe hodari vipi hawezi kuifanya kwa niaba yake. Kazi yenyewe ni kukaa na mtoto, kumsikiliza, na kulishikilia jambo moja aliloagiza mwalimu mpaka wiki iishe.

Aliyelisimamia wazo hili kwa nguvu kuliko wengi ni Mjapani Shinichi Suzuki. Alizaliwa Nagoya mwaka 1898, baba yake akiwa na kiwanda cha fidla, na bado yeye mwenyewe hakuanza kujifunza kupiga mpaka ujanani, aliposikia santuri ya Mischa Elman akashangaa kwamba chombo kile alichozoea kukiona kikikatwa na kugundishwa kinaweza kutoa sauti ile. Miaka ya 1920 alikwenda Berlin kusoma kwa Karl Klingler. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifundisha Matsumoto, na huko akaikuza njia iliyotokana na jambo tunaloliona kila siku bila kulitafakari: kila mtoto wa Kijapani anasema Kijapani, tena bila kufunzwa sarufi. Husikia kwanza, miezi na miezi. Kisha hutoa neno moja, watu wa nyumbani wakafurahi, naye akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Suzuki akajiuliza kwa nini fidla isifundishwe hivyo hivyo. Alifundisha mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1998 akiwa na miaka 99.

Katika njia yake mzazi hasubiri nje ya darasa akichezea simu. Anaingia na mtoto, anaandika kwenye daftari, na mara nyingi yeye ndiye anayeshikishwa fidla mwanzo, ajifunze wimbo wa kwanza huku mtoto anatazama, mpaka mtoto mwenyewe atamani kuichukua. Wimbo huo wa kwanza ni lahani ya zamani ya Kifaransa, ile ile ambayo watoto wetu wa chekechea huimbia herufi za ABC. Si lazima mwalimu wako awe mfuasi wa Suzuki. Wako wanaofundisha kwa kufuata madaraja ya mitihani ya Uingereza, na wako wanaofundisha kwa desturi ya taarabu. Lakini hili la mzazi kushika fidla, walau kwa mwezi mmoja, nalipendekeza kwa kila nyumba. Bega lako likishakuuma kwa dakika nne tu za kuinua kile kichombo chepesi, na upinde ukikutoka mkononi kama ulivyomtoka mtoto, lugha yako kwake itabadilika yenyewe.

Sisi wenyewe tuna ushahidi wa jambo hili karibu kuliko Japani. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na wapigaji wa fidla, udi na ganuni wa visiwani kwa vizazi wamekuwa wakikaa pembeni mwa wakubwa zao na kusikia kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa chombo. Familia ya marehemu Hukwe Zawose, yule mkubwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, imetoa wapigaji kizazi baada ya kizazi kule Bagamoyo, na hakuna aliyewagawia ratiba ya mazoezi ya kubandika ukutani. Muziki ulikuwa uani. Mtoto wa leo anayeishi ghorofa ya tatu Kariakoo au South B hana uani huo. Anashuka kwa mwalimu, anapanda nyumbani, na kati ya somo na somo hasikii fidla ikilia popote.

Basi kazi ya kwanza ya mzazi ni kuurudisha uani ule. Mwombe mwalimu akurekodie kwenye simu wimbo anaofundishwa mtoto, au akutajie rekodi nzuri, kisha uupige kila siku kwa sauti ya chini wakati mtoto anakula, anaoga au anachora. Usimwambie asikilize. Uache ulie tu. Mtoto aliyeusikia wimbo mpaka anaunung'unika akivaa viatu huwa ameshamaliza nusu ya safari, kwa sababu fidla haina vipande vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kikikaa kando kwa upana wa ncha ya penseli, sauti imepotea, na kitakachomwambia ni sikio. Walimu wengi hubandika utepe mwembamba kwenye ubao wa vidole kuonyesha pa kukanyaga, na ni msaada mzuri kwa mwaka wa kwanza. Lakini utepe una mipaka yake. Mtoto anayefundishwa taarabu atakutana mapema na rast, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za taarabu, ambayo sauti yake ya tatu inakaa katikati ya mbili za piano, mahali ambapo kwa kawaida hakuna utepe. Asiye na wimbo kichwani atakanyaga kwenye utepe na kuiua rast. Aliyeusikia atakitelezesha kidole mwenyewe, bila kuambiwa.

Kazi ya pili ni ya mikono, nayo hupuuzwa sana: kuhakikisha chombo kinapigika. Nimeona watoto wakiitwa wavivu kwa sababu ya fidla ambayo hata fundi angeikataa.

Anza na ukubwa. Fidla za watoto zina vipimo, kuanzia moja ya kumi na sita, kupitia ya nane, robo, nusu na robo tatu, mpaka fidla kamili ya mtu mzima. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikae begani. Kichwa chake kilichojikunja kifike kwenye kiganja au kifundo cha mkono, kisipite. Mtoto wa miaka sita mara nyingi huwa kwenye robo au chini yake, ila mkono ndio unaopimwa, umri ni wa kukisia tu. Kununua kubwa "atakulia ndani yake", kama tunavyonunua sare za shule, ni kosa baya. Mkono unavutika, bega linapanda, shingo inakakamaa, na mtoto anajifunza maumivu. Ni heri kuazima au kukodi ndogo.

Halafu nyuzi. Ziko nne, Sol, Re, La na Mi, na kila siku kabla ya mtoto kuanza lazima zilinganishwe. Programu za simu za kulinganisha nyuzi ni nyingi na za bure. Iweke La kwenye 440 kisha fuata nyingine. Kwa tofauti ndogo tumia zile skrubu ndogo za upande wa kidevu. Vigingi vya kichwani viguse kwa woga, kwa sababu uzi wa Mi ni mwembamba na hukatika kwa mzunguko mdogo tu. Pwani, unyevunyevu huvimbisha mbao na vigingi hukwama. Sugua kidogo risasi ya penseli au sabuni kavu. Bara, miezi ya ukavu, vigingi hulegea na asubuhi unakuta nyuzi zote zimeachia. Hapo chaki hushikisha. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, funga mmoja. Ukizilegeza zote kwa pamoja, daraja litaanguka, na huenda kikaanguka pia kile kijiti kinachosimama ndani ya tumbo la fidla bila gundi, ambacho kukirudisha ni kazi ya fundi. Na usiiache fidla ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kuingia dukani. Gundi yake huachia kwa joto.

Upinde ukazwe kabla ya kupiga na ulegezwe baada ya kumaliza, kila mara. Singa zake za mkia wa farasi zisishikwe kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huziua, na zipakwe rozini, ule utomvu mgumu wa msonobari, kwa kiasi. Unga wake mweupe ukibaki juu ya fidla ufutwe kwa kitambaa kikavu. Kazi ya kufuta mpe mtoto. Watoto wanaipenda, nao huanza kukiona chombo kuwa chao.

Sasa mazoezi yenyewe, na hapa nitakwenda polepole.

Niliwahi kukaa kwenye mazoezi ya binti wa miaka sita, nyumbani kwao Ilala. Mama yake ana duka la vitambaa na hajawahi kusoma muziki. Alikuwa amerudi, amevua viatu, simu ameiacha chumbani. Karibu na kabati kulikuwa na kipande cha boksi chenye nyayo mbili zilizochorwa kwa kalamu, na binti akasimama juu yake, miguu ikakaa mahali pake bila mtu kusema neno. Wakainamiana kwa heshima, mama na mtoto, kama mwalimu alivyowafundisha. Mama akafungua daftari.

"Mwalimu kasema nini wiki hii?"

"Upinde usiteleze."

"Unateleza kwenda wapi?"

"Huku," akaonyesha upande wa ubao wa vidole.

Mama akasogeza kiti mpaka akaweza kuiona ile nafasi iliyopo kati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole. Nafasi hiyo ni ya vidole viwili au vitatu tu, na karibu sauti yote ya fidla inaamuliwa pale. Upinde ukipita katikati yake, sawasawa na daraja, uzi unalia wazi. Ukisogea kwenye daraja unakwaruza. Ukiteremkia ubao wa vidole unatoa sauti ya pumzi, nyembamba, isiyo na mwili. Huhitaji kujua noti ili uone hilo. Unahitaji macho na kiti kilichokaa pazuri.

Mezani palikuwa na vizibo kumi vya soda upande mmoja. Binti akavuta upinde kwenye uzi wa La, kutoka mkononi mpaka nchani, polepole. Ulipokwenda sawa, mama akahamisha kizibo. Uliposhuka, hakusema kitu, kizibo kikabaki. Mara ya nne upinde uliteleza, binti akaangalia kizibo, akamwangalia mama, akasema mwenyewe, "Umeshuka." Akarudia. Vizibo saba vilipovuka akasema mkono umechoka.

"Teremsha tuupumzishe," mama akamjibu. "Hivyo vitatu tutavimaliza kesho. Sasa mpigie bibi ule wimbo wako wa zamani."

Bibi alikuwa jikoni anachambua mchele. Binti akapiga wimbo alioujua tangu miezi iliyopita, wote, bila kusimama, na mara hii upinde ulibaki njiani bila hata kukumbushwa. Wakainamiana tena. Akalegeza upinde, akafuta vumbi, akafunga boksi. Yote hayo hayakufika robo saa.

Ningependa kila mzazi ayatazame kwa makini aliyoyafanya yule mama. Hakufundisha. Hakusema "hapana" hata mara moja. Alichagua jambo moja na kuyaacha mengine yote, japo kidole gumba cha binti kilikuwa kimenyooka mahali kilipotakiwa kupinda, na niliona kwamba yeye pia ameliona. Hilo lilikuwa la wiki nyingine. Mtoto wa umri huu hawezi kubeba masahihisho mawili kwa wakati mmoja. Ukimpa matatu atayatupa yote, na fidla atatamani kuitupa pamoja nayo. Na wimbo wa zamani mwishoni si kupoteza muda. Ujuzi mpya hukaa vizuri ukitiwa ndani ya wimbo ambao vidole vimeshauzoea, kwa sababu kichwa kina nafasi ya kuuangalia upinde.

Sifa nazo zina namna. "Hongera, una kipaji" ni maneno matamu yasiyomwambia mtoto afanye nini kesho, tena humtia hofu ya siku ambayo kipaji hakitaonekana. Mwambie ulichokiona: "Leo umefika mpaka nchani." "Umeanza upya mwenyewe, sikukuambia." Hayo anaweza kuyarudia.

Muda uwe mfupi na wa kila siku. Mtoto wa miaka minne, dakika tano zinamtosha. Wa sita, kumi mpaka kumi na tano. Wa nane au tisa aliyeshakolea anafika nusu saa. Dakika kumi kila siku zinazaa kuliko saa nzima ya Jumapili, kwa kuwa mikono hujifunza hata usiku mtoto akilala, na kila siku mpya inaanzia pale usingizi ulipoifikisha. Usitafute saa ya ukutani. Funga mazoezi kwenye jambo ambalo tayari halikosekani nyumbani: baada ya chai ya asubuhi, au baada ya kurudi chuoni kabla ya magharibi. Watoto wetu wana shule, madrasa na kazi za nyumbani, na jioni wamechoka kweli. Kama asubuhi inawezekana, ichukue asubuhi. Siku ya msiba au safari, penseli inatosha: mtoto aishike kama upinde, kidole gumba kimepinda, kidole cha mwisho kimekaa juu, hata ndani ya daladala.

Majirani katika nyumba za kupanga wana haki zao, nami siwadharau. Nenda uwaambie mapema, kwa adabu, saa gani mtoto atapiga na kwa dakika ngapi. Wengi wakishajua mwisho upo huvumilia. Kipo kipande cha raba kinachobanwa juu ya daraja kupunguza sauti, na kibanio cha nguo cha mbao hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini usikiweke kila siku. Mtoto asiyewahi kuisikia sauti yake halisi hawezi kuitafuta iliyo bora. Kitakachomuumiza zaidi ya jirani ni mtu wa ndani, mjomba au kaka anayepita akisema "punguzeni kelele hizo". Mlinde mwanao na neno hilo. Fidla ya mwanzoni inakwaruza kwa kila binadamu, na kila mpigaji unayemsikia leo kwenye jukwaa amepita hapo.

Watakuja pia watu wa kukuambia "samaki mkunje angali mbichi", wakimaanisha fimbo. Nakataa. Mtoto akikataa kushika fidla, tafuta sababu kabla ya kutafuta adabu. Ana njaa? Nyuzi zimepotea sauti? Wimbo umemzidi na anaona haya kusema? Kidevu kina mchubuko, au bega linauma kwa kukosa kipande cha sponji chini ya fidla? Mara nyingi utaikuta hapo, na mara nyingi dawa ni ya dakika mbili. Kama yote yako sawa na bado hataki, mwambie apige wimbo mmoja anaoupenda na mfunge boksi. Siku hiyo imehesabika. Akikataa wiki nzima, hilo ni la kuzungumza na mwalimu, na mtoto asiwepo mnapozungumza.

Ziko nyumba ambazo mtoto anarudi mikono mitupu. Katika programu kama Ghetto Classics, iliyoanza Korogocho, Nairobi, mwaka 2008, na katika shule nyingi zetu, idadi ya watoto huzidi vyombo, na chombo hubaki darasani. Hapo mazoezi ya nyumbani ni kusikiliza, kuimba wimbo kwa la-la-la, kupiga mdundo wake kwa makofi, na penseli ya upinde. Hayo si mabaki ya mazoezi. Mtoto anayefika darasani wimbo umo kichwani na mshiko umo mkononi huitumia vizuri ile nusu saa yake ya fidla kuliko aliyelala na fidla chini ya kitanda bila kuigusa.

Kwa hiyo somo lijalo usimwache mtoto mlangoni. Mwombe mwalimu ruhusa ya kuingia, beba daftari, na kabla hamjatoka muulize: "Mwalimu, wiki hii nimwangalie jambo gani moja?" Walimu wa kweli hulifurahia swali hilo. Liandike, na jioni hiyo hiyo kaa naye.